Mwanamke Akikimbia Alfajiri

Jumanne, katikati ya baridi. Vigae vya jikoni leo vilikuwa kama vimelala ndani ya friji, na nje kiza kilikuwa bado kizito.

Baridi ya Maskati, nnajua mtanicheka. Binti yangu Salma, anayesomea udaktari Ulaya (mwaka wa mwisho, mashallah, na si kwa kubebwa), nikimwambia huku kuna baridi ananijibu, "Mama, hiyo si baridi, hicho ni kivuli." Lakini mwili wangu mie ni wa Unguja. Upepo wa alfajiri ukishuka milimani ukapita hapa kwetu Khoudh, unaingia mpaka kwenye meno.

Na mie sasa nnakimbia.

Ndiyo, mie, Mama Khalfan, mtu mzima na wakwe zangu. Skuli nilikuwa namba moja kwa mbio. Asiyesadiki aulize niliosoma nao, wengine wako hapa hapa wilayani kwetu Seeb. Nilishinda sinia la bati lenye maua, mama akalifungia kabatini hata wageni wasilitumie. Masomo sikufika nayo mbali, niliolewa nikaletwa huku, lakini mbio zilikuwa zangu. Nikaziacha zaidi ya miaka thelathini. Majira ya joto huku hata paka hakimbii, kwa hivyo ukitaka kukimbia ni miezi hii ya baridi, na kiza chake.

Sababu ya kuzirejea nilikuwa sijamwambia mtu mpaka leo.

Nna sukari. Waliniambia kituo cha afya kabla baridi haijaingia. Wakasema nipungue, nitembee, nijitikise, la sivyo... Yaliyofuata sikuyasikia. Nilikuwa nnauona mguu wa marehemu mama, ulivyoanza kwa ganzi ya vidole, kikaja kidonda, mwisho ukakatwa chini ya goti. Mie na mume wangu Seif ndio tuliokuwa tukimbeba kumpeleka chooni. Na mie mguu wangu mmoja umeanza ganzi.

Niliogopa kulisema. Niliona likitoka mdomoni ndio litakuwa kweli.

Basi kila siku Seif akenda msikitini kusali alfajiri, naye hukaa huko akisoma mpaka jua litoke, mie nnasali chumbani, nnavaa raba chini ya abaya, nnatoka. Nnafuata njia ya wadi, lile bonde kavu la mto. Nnaogopa mbwa. Nnaogopa magari, maana abaya nyeusi kwenye kiza dereva atakuona saa ngapi? Nnaogopa kuonekana. Moyo ukipiga sana nnaogopa, na ukitulia nnaogopa zaidi.

Leo nilipogeuka kurudi na kufika pembe ya mtaa wetu, nikaona taa za nyumba yangu zote zinawaka. Mlango wa nje uko wazi. Wanawake wa mtaani wanaingia, mmoja kashika chupa ya kahawa, mwengine sahani ya tende imefunikwa.

Kwetu sisi wanawake hawaji nyumbani kwa mtu alfajiri na kahawa ila kwa jambo moja, msiba.

Khalfan!

Mwanangu ana zamu ya asubuhi kiwandani Rusayl, na gari yake huitoa kiza hicho hicho. Simu yangu nimeiacha chumbani. Nikajiambia, huu ni mdomo wangu. Juzi tu harusini nilikaa nikimtaja: Khalfan kapandishwa cheo, Khalfan kanunua gari mpya, Khalfan ndiye anayewaamrisha wenzake. Hata mashallah sikuitia. Jicho limempata mwanangu, na mie ndiye niliyelifungulia mlango.

Nilikimbia. Zile za kila siku zilikuwa mchezo. Abaya nimeikusanya mkononi, ushungi umeangukia shingoni, nnamwita mwanangu mtaa mzima unasikia.

Jirani yangu Zuwena akanidaka mlangoni, machozi yanamtoka.

"Nani, Zuwena? Nambie, nani?"

"Mie ndiye wa kukuuliza wewe! Nani kafa?"

"Si nyinyi mliojaa kwangu?"

"Si wewe uliyekuwa unakimbia? Nimekuona dirishani. Mwanamke mzima anakimbia kiza hiki na abaya yake, kuna nini kama si maiti? Nnakupigia simu hupokei, nnakuja mlango hukuufunga. Nikawaita wenzangu, tukakutilia kahawa."

Bibi mmoja akachungulia kutoka jikoni, kikombe mkononi. "Kwa hiyo hakufa mtu? Na mie nishalia!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mie sikucheka. Nilikwenda kuitafuta simu, nikampigia Khalfan. Akapokea: "Mama, niko kazini, vipi?" Nilipoisikia sauti yake, nikakata.

Zuwena akanifuata chumbani na wenzake nyuma yake. "Shoga, sasa kama hakuna msiba, unamkimbia nani?"

Uongo ulikuwa tayari, kwamba nnapunguza mwili nipendeze. Lakini khofu ya Khalfan ilikuwa imenimaliza, sikubaki na nguvu ya kuficha nyengine.

"Nna sukari," nikasema. "Sitaki kukatwa mguu kama mama."

Kugeuka, Seif kasimama nyuma yao. Kumbe msikitini alishaambiwa kwamba kwake kuna watu.

Wanawake wakanywa kahawa yao, maana ilishatiwa. Mmoja akaniamuru ninywe uwatu, mwengine akaapa hakuna dawa kama habasoda, wakenda zao. Ndipo Seif akakaa chini mbele yangu, akanivua raba na soksi, yeye mwenyewe.

"Mguu upi?"

"Wa kushoto."

Akanibonyeza vidole kimoja kimoja, na kila kimoja akiniuliza kama nnasikia. Sijapata kumuona Seif ana khofu namna hii, hata siku tuliyomzika mama.

Amesema kesho nikitoka atanifuata nyuma na gari, polepole, taa zimewaka, hata ikiwa mtaa mzima utacheka. Wacheke. Mbio nilizopiga leo, hakuna mwanamke wa umri wangu Seeb yote angenifikia, na hilo nitalisema hata mbele ya kadhi.

Sasa amelala hapa ubavuni kwangu kidogo kabla ya adhuhuri, na mie nnaandika.

Kidole cha mwisho nilimwambia nnakisikia. Sikukisikia. Nimwache alale, au nimwamshe nimwambie sasa hivi?