Mgomba Uliozikwa Webuye

Kiamunyi, Nakuru
3 Machi 2025

Kwako Shangazi Rahab,

Habari za Webuye? Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima. Naandika kwa karatasi kwa sababu umeniblok WhatsApp, na karatasi haina hiyo batani.

Ndani ya Biblia ya marehemu Nyanya uliyompa Baba nimekuta postikadi. Mbele, flamingo. Nyuma: “Rahab, mwambie mama niko hai. Nakuja Krismasi. Nyongesa.” Muhuri ni wa Salgaa, 1976. Babu Nyongesa mlimzika 1973! Kaburi lake Baba hulipalilia kila Desemba. Mle ndani kuna nani?

Binti wa kakako,
Trizah

Webuye
11 Machi 2025

Trizah,

Magoti yangu hayakuhusu.

Mle kuna mgomba. Babu yako alipotea akiwa kazini kwenye reli, mwaka mzima kimya. Wazee wakakata mgomba, wakauvika koti lake, wakauzika, kama inavyofanywa mtu asipopatikana. Tulilia vizuri na chakula kilitosha. Wewe ulisomea kusuka nywele, si upelelezi. Rudisha Biblia.

Shangazi yako

Kiamunyi
20 Aprili 2025

Shangazi,

Salamu za Pasaka, ukizitaka.

Nilipeleka ile kadi Salgaa, pale malori hulala. Nikaionyesha kila hoteli, nikauziwa chai kila hoteli, mpaka mpishi mmoja mzee akasema, “Nyongesa? Si huyu wa matairi!”

Babu yuko hai. Ana miaka themanini na saba, na bado anaziba matairi ya malori. Alifungwa jela kwa kuiba taa za reli, akaona aibu kuwaambia. Nikamwita Baba; alipomwona aliketi chini kwenye oili na suti yake ya kanisa.

Nikamuuliza mbona hakuja hiyo Krismasi. Akanitolea barua aliyojibiwa, bado anayo, mwandiko wa mtoto: “Tumeshakuzika. Usije.” Hapo nyumbani ni nani mwingine aliyejua kuandika?

Anataka kufia kwake. Tunamleta Jumamosi, tarehe tatu Mei.

Trizah

Webuye
25 Aprili 2025

Trizah,

Usimlete.

Kadi ilipofika, Mama alikuwa amerithiwa na Baba Mdogo na ana mimba ya miezi saba. Ulitaka waume wawili wagawane kitanda? Mama alisimama nyuma yangu nikiandika. Akaniambia niandike herufi kubwa, mzee asije akasema hakuona. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Na mtu aliyezikwa akipita getini, huja na kifo cha mwingine. Nimefunga kufuli. Ufunguo uko ndani ya sidiria yangu, njoo uchukue.

Shangazi yako

Kiamunyi
28 Aprili 2025

Shangazi,

Kaa na ufunguo wako, uupashe joto. Babu amesema mkikataa ataketi nje ya geti. Stuli anabeba yake.

Trizah

Webuye
30 Aprili 2025

Trizah,

Geti sifungui. Nimekata fensi nyuma ya jiko, mwenyewe, kwa panga. Aliyezikwa huingia kwa nyuma. Wazee wamepiga kelele wakachoka.

Msije na watu wa kupiga picha. Na asithubutu kuniomba msamaha, nitamfukuza. Aketi, apewe chai, halafu ninyi wote mtoke nje. Hiyo barua niliyomwandikia aje nayo, nataka kumsomea mwenyewe, ajue sauti iliyokuwa nayo.

Mwambie asichelewe.

Rahab,
binti yake