Herufi Zilizoliwa na Nondo

Nippes, Köln
9 Machi 2004

Mpendwa binamu yangu Ewald,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Brazili, wewe na mkeo Zilda na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Huku baridi imeanza kulegea, nami nipo, isipokuwa magoti yanalalamika kila nikipanda ngazi. Shangazi Adelheid ana afya kuliko sisi wote. Bado anamenya viazi vyake mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Katika barua yako ya Krismasi uliniuliza kama ile nembo ya Babu Leonhard bado ipo, maana wanao wanataka picha yake waitundike ukutani. Ipo, Ewald. Lakini kabla sijaituma picha kuna jambo sina budi kukuambia, na naomba usome mpaka mwisho.

Unajua kwamba tangu mume wangu Volker afariki nimekuwa nikikusanya nembo za reli za wakati wa vita. Wenzangu wajane wanafuga ndege. Mimi nina droo zilizojaa tai wa bati waliobandikwa kofiani, magurudumu yenye mabawa, na vitambaa vya kushonwa mikononi. Ule msalaba wa Wanazi ulio kuchani mwa tai sipendi hata kuutazama. Ninachotaka ni kujua kila kipande kilivaliwa na nani, na wapi. Kisichojulikana kilikotoka, wauzaji wa mnadani hukitungia hadithi.

Nembo ya Babu ni kitambaa cheusi cha mkono wa kushoto. Ina tai wa uzi wa manjano, na chini ya tai jina la makao ya usimamizi wa reli aliyoyatumikia. Nondo wamelila lile jina, wakaacha herufi mbili za mwisho tu, "ln". Sote tulisoma Köln. Nani angesoma vingine? Babu alikuwa mtu wa hapa, na alitusimulia jinsi alivyoendesha garimoshi huku mabomu yakiudondokea mji huu huu.

Mwezi Januari kaka yangu Burkhard aliniomba niisafishe, kwa kuwa alishaahidi kuipeleka kwenye maonyesho ya watu wa reli wa mtaa wetu. Nikaigeuza upande wa nyuma na kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Uzi umeliwa, lakini alama za sindano zimebaki. Niliona mikia miwili ikishuka chini ya mstari. Katika jina Köln hakuna herufi yenye mkia. Na vile vitone viwili vya juu ya "o" havikuwapo kabisa.

Nikaazima kitambaa kizima, chenye jina lingine linaloishia kwa herufi hizo mbili, kwa mwenzangu wa chama cha wakusanyaji, nikavilaza pamoja. Herufi zikalala juu ya herufi. Jina ni Oppeln.

Oppeln ni kule mashariki, Ewald, Silesia. Reli za makao yale ndizo zilizofika mpaka kambi ya mauaji ya Auschwitz.

Siku ile niliosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Burkhard alikuja Jumapili, nikamwonyesha. Hakugusa keki yake.

"Mechthild, hebu acha," akaniambia. "Nondo wamekusaidia, na wewe unawapinga."

"Kitambaa si cha Köln. Sitaandika Köln kwenye kadi ya maonyesho."

"Basi usiandike kitu. Una uhakika gani alibeba nini? Labda alibeba makaa."

"Labda. Sijui, na nitaandika kwamba sijui. Lakini alikokuwa ninapajua."

"Alikupakata magotini, dada. Leo unamfanyia hivi?"

Hilo lilinichoma, maana ni kweli alinipakata, na nilimpenda. Lakini sikurudi nyuma. Burkhard akachukua koti lake, akasema maonyeshoni nisimtarajie.

Nikaenda kwa Shangazi. Niliogopa, maana Babu ni baba yake mzazi. Alikiweka kitambaa juu ya aproni yake, akapitisha kidole pale palipoliwa.

"Oppeln," akasema, kabla sijafungua mdomo. "Mama na mimi tulikuwa tunamtumia soksi huko. Miaka miwili mizima."

"Shangazi, ulijua siku zote?"

"Mwanangu, hakuna aliyeniuliza." Akaendelea na viazi. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Aliporudi alikuwa hawezi kulala dirisha likiwa wazi. Mama alituambia ni homa. Andika, Mechthild. Mimi nitakaa karibu na nembo, wakitaka kuuliza waniulize."

Basi nikaandika jina la Babu, kazi yake, Oppeln, na miaka. Chini yake nikaongeza kwamba familia haijui treni zake zilibeba nini, na kwamba treni za watu waliopelekwa kuuawa zilipita kwenye reli hizo.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi iliyopita. Shangazi alikaa kitini kando ya kabati la kioo, amevaa pini yake ya pambo kifuani. Watu walisoma, wakasogea. Karibu na kufunga nilimwona Burkhard mlangoni, na koti limelowa. Alikuja akasoma polepole, midomo ikicheza. Bibi mmoja aliyesimama ubavuni mwake akamuuliza kama anamfahamu huyo mtu.



"Ni babu yetu," akasema kaka yangu. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na Shangazi.

Picha nimeiweka ndani ya bahasha hii. Itundikeni mkitaka, lakini wanao wasomee kwanza maneno niliyoyaandika chini yake.

Nisalimie Zilda, na wanao Heitor na Liane, na ulibusu kaburi la baba yako, Baba Mdogo Rudi, kwa niaba yangu. Shangazi anasema ule vizuri. Mungu akulinde, na akupe nguvu ya kuyapokea haya kama nilivyolazimika kuyapokea mimi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, leo kama zamani,
Mechthild