Chura wa Ndara za Kaka: Kumkumbuka Patroba Osundwa wa Lugari

Hukuwa na mtumbwi, Patroba. Hukuwa na buti za mpira, wala fimbo ya kuvulia ya dukani, wala lile gurudumu dogo la kukunjia mshipi ambalo wenye uwezo hulipachika kwenye fimbo zao. Mshipi wako uliuzungushia mkebe wa majani chai. Hukuwa na saa, maana jua na vyura vilikutosha. Hukuwa na cheti, hukuwa na cheo, hukuwa na sauti kubwa. Hukujaliwa mtoto ambaye angesimama siku ile na kusema, "Hivyo ni vya baba, viacheni." Na siku ile, tunaona haya kuliandika, hukuwa na ndugu pia.

Mwaka umezunguka na kurudi pale pale tangu tukulaze kando ya ua, upande unaotazama bwawa. Mahindi uliyoyapanda wewe tuliyavuna sisi. Nyasi za kaburi lako hazikufyekwa vizuri, kwa sababu ambayo wewe unaijua, na ambayo jirani zetu wanaijua nusu.

Kwa wasiokufahamu, tuseme ulikuwa mkulima wa mahindi katika shamba ambalo baba yetu alipewa wakati Wazungu walipoondoka. Chini ya shamba Mzungu aliacha bwawa, na ndani ya bwawa aliacha samaki aliowaleta mwenyewe kutoka mbali. Wanaitwa besi. Si samaki wa mito yetu. Ana kinywa kama mfuko wazi, ubavu wa kijani, na mstari mweusi kama aliyepakwa masizi. Samaki huyo humdanganyi kwa donge la ugali. Anataka kitu kinachokimbia, kinachohangaika, kinachoonekana kuwa na roho.

Basi ukawa unavitengeneza vitu vyenye roho. Mpini wa kijiko ulioupiga tupa ukang'aa, ukawa dagaa. Manyoya ya shingo ya jogoo mwekundu, uliyoyaomba kwa kina mama kila walipochinja ingokho, kuku wa mgeni, ukayafunga kwa uzi yakawa mdudu. Mpira wa ndani wa baiskeli ukawa nyungunyungu. Kombe la konokono ukalitia mbegu ndani ili lilie, kwa siku ambazo mvua imechafua maji na samaki haoni ila anasikia. Kila kitu ulikitilia ndoana tumboni, na kila kitu kilikuwa na macho mekundu. Macho hayo aliyapaka mkeo Jael, kwa rangi ya kucha aliyoinunua sokoni kwa ajili hiyo tu. Kucha zake mwenyewe hazikuwahi kuonja rangi. Ukimwita kwa jina la ukoo wao, "Mwidakho, huyu bado haoni," aliacha chungu jikoni akaja na kile kibrashi chake.

Tunakumbuka ulivyovua. Ulikuwa ukishuka umande ungali mzito, ukisimama mbali na maji ili kivuli chako kisitangulie. Ulirusha chura wako akatua juu ya magugu maji, si majini, kisha ukamvuta polepole mpaka ukingoni adondoke mwenyewe, kama chura aliyekosea hatua. Halafu ulimwacha. Hapo ndipo wengi waliposhindwa kukuelewa. Besi akimpiga, hukuvuta. Ulisubiri ageuke na kushuka naye, mshipi ukaze wenyewe, ndipo ukainua fimbo. Aliyevuta kwa haraka ulimwambia amemnyang'anya mgeni chakula mdomoni.

Na wengine uliwarudisha. Jike mwenye mayai ulimshika kwa mdomo wa chini, ukamlaza majini ukimtikisa taratibu mpaka apate nguvu, ukamwacha aende. Watu walikucheka mpaka sokoni. Walisema mtoto wa Osundwa anaosha samaki halafu anaomba radhi.

Aliyekuonea aibu kuliko wote ni kaka yako mkubwa, Elkanah. Huyo ndiye aliyesoma masomo ya jioni akiwa tayari na mke na watoto, akitoka kazini kwenye mizani ya miwa na kwenda moja kwa moja darasani na vumbi lake, hadi akafaulu mtihani ambao vijana waliuanguka. Elimu aliyoipata hivyo aliivaa kila siku kama koti. Hakupenda kusikia kwamba mdogo wake, mtu mwenye mvi, anachezea vyura wa mpira. Alikwambia siku moja mbele ya wageni kwamba mtu mzima hamrudishi samaki majini. Ukamjibu kwa upole, "Kaka, hata wewe ng'ombe mwenye mimba humchinji." Wageni walicheka. Elkanah hakucheka, na jibu hilo alikaa nalo muda mrefu.

Ndara zake za mpira zilipokatika, ulimwomba kipande. Akakutupia zote mbili. Baada ya siku chache alikukuta barazani ukichonga kisigino cha kushoto, chenye alama ya moto pale alipokikanyagia kaa la jiko, na alama hiyo ikawa doa mgongoni mwa chura. Alisimama akatazama. Alitazama mpaka ukamaliza miguu yote minne.

Kwa hiyo alivijua.

Ikaja siku ya kunyolewa nywele za msiba, baada ya kukuzika, tulipokaa uani kugawana vitu vyako kama desturi inavyotaka: koti kwa mpwa, jembe kwa jirani aliyekusaidia, kiti kwa mkubwa wa ukoo. Mtu akatoa sanduku lako la bati chini ya kitanda, akalifungua mbele ya watu.

Patroba, wewe uliyelijua sanduku lile kwa kulipapasa tu hukupata kuliona kwa macho ya mtu mwenye hofu. Manyoya mekundu yamefungwa kwa uzi. Nywele za mkia wa mbuzi. Makombe yanayolia yakitikiswa. Vyura, mijusi, macho mekundu kila upande, na kila kimoja kina chuma cha kunasa. Mama mmoja aliruka nyuma, akasema kile kijiko kimemtazama. Shikanga, kiongozi wetu wa maombi, mtu mwema asiyewahi kushika ndoana maishani, alikunja uso akauliza vitu hivi vya nini nyumbani mwa Mkristo, akasema vichomwe. Wengine wakaanza kukumbuka kwamba ulitoka alfajiri peke yako, kwamba ulizungumza na maji, kwamba hukupata mtoto. Kwa muda mfupi tu ukawa mtu tusiyemjua.

Jael peke yake ndiye aliyesimama. Alisema hivyo ni vya samaki. Wakamwambia mjane asiseme, uchungu unamchanganya. Akasema macho aliyapaka yeye. Hilo likamharibia zaidi, kwa maana sasa walimtazama yeye. Ndipo akageuka kwa Elkanah.

"Shemeji, wewe unavijua. Waambie."

Ua mzima ukamgeukia. Hapakuwa na mtu ambaye neno lake lingelishinda la Elkanah. Angesema sentensi moja tu, sanduku lingefungwa, watu wangecheka kwa haya na chai ingemiminwa. Lakini kusema kungekuwa kukiri kwamba alisimama barazani akakutazama ukichonga, na kwamba alipenda alichokiona. Kungekuwa pia kumpinga mtumishi mbele ya umati, na kesho watu waseme msomi ndiye anayetetea mambo ya giza. Alivua miwani, akaipangusa kwa leso.

"Mtumishi amalize kazi yake," alisema.

Tulivichoma, sote. Nyimbo ziliimbwa. Elkanah, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba, alilishika sanduku akalimwaga motoni pale migombani kwa mikono yake. Mpira ulinuka hadi barabarani. Jael alitazama mpaka moshi ukawa mweupe, akaingia ndani, akatoka na kifurushi. Aliaga wanawake peke yao. Akarudi kwao Malinya, na tangu siku hiyo hajakanyaga ua huu.

Jioni hiyo Elkanah alipotundika koti lake, alihisi kitu kinamchoma mkononi. Upindoni mwa koti alining'inia chura, ndoana imezama katika kitambaa. Alikuwa wa ndara zake. Katika vyote vilivyomwagwa, huyo mmoja alimshika yeye. Alimtoa kwa kisu kidogo, akamweka ndani ya kibweta cha miwani, na hakumwambia mtu.

Miezi ikapita. Jina lako likawa linatajwa kwa sauti ya chini. Wanawake wa kanisa walipita mbele ya nyumba yako upande wa pili wa njia. Sisi tulijiambia kwamba Jael amekwenda kupumzika.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa, alikuja Kipngeno wa ng'ambo ya bwawa, rafiki yako. Baba yake ndiye aliyelilinda bwawa enzi za Mzungu, na yeye ndiye aliyekufundisha kurusha, nawe ukamfundisha kufunga manyoya. Wakati ule wa vurugu za uchaguzi, watu wa pande mbili walipoogopa kukutana, mlikuwa mkisimama kila mtu ukingo wake na kurushiana chumvi na tumbaku kwa mshipi. Alikuwa mbali kikazi ulipokufa, akachelewa kupata habari. Alileta mdudu wa manyoya uliyemwazima, amrudishe nyumbani kwako. Akauliza mama wa nyumba, Jael, yuko wapi. Elkanah akasema ametembea kwao.

Kipngeno alitazama pale migombani ambapo nyasi hazijaota. Akainama, akaokota ndoana iliyoungua.

"Mzee, mlichoma nini hapa?"

"Takataka."

"Takataka haikuwanga na ndoana."

Elkanah aligeuka, akamwacha pale migombani. Aliingia ndani, akarudi na kibweta cha miwani, akakifungua. Kipngeno alimgeuza chura kiganjani kwa muda, akaliona doa la moto mgongoni, akauliza ndara zilikuwa za nani. Elkanah akasema, "Zangu." Na neno hilo lilipotoka, mengine yakafuata, yote, hadi ile leso na miwani.

Kipngeno hakumlaumu. Alimwambia wateremke bwawani. Kaka yako alikwenda na viatu vyake vya ibada. Kipngeno akamrushia chura juu ya magugu maji, akamkabidhi fimbo, akamwambia avute polepole. Chura akafika ukingoni, akakosea hatua, akadondoka. Maji yakapasuka kama mlango uliopigwa teke. Elkanah alivuta kwa nguvu zake zote, na chura akarudi akiruka hewani, mtupu, akamgonga kifuani. Alibaki amesimama, fimbo mkononi, akitazama mawimbi yakipanuka.

"Umemwona?" Kipngeno aliuliza.

"Nimemwona."

"Basi yule mama alikuwa anasema ukweli."

Jumapili iliyofuata Elkanah alisimama kanisani, akamwinua chura ili watu wamwone, akawaeleza kazi yake na mahali mpira ulikotoka. Wengine waliinama. Shikanga akasema bila hasira, "Mzee, siku ile sote tulikutazama wewe."

Tuliwatuma wazee Malinya. Wakwe zetu waliwapokea vizuri, wakawapa chai, wakawajibu kwamba binti yao hakuchafuliwa kwa kunong'onezwa, basi na kusafishwa asisafishwe kwa kunong'onezwa. Kilichochomwa mbele ya watu kirudishwe mbele ya watu. Ni haki yao. Ndiyo sababu kumbukumbu hii hatukuiandika kama zile nyingine, ambazo marehemu husifiwa na walio hai hujificha nyuma ya sifa.

Ulikuwa mvuvi, Patroba. Hukuwa kingine chochote. Mkeo alisema kweli, sisi tukamwacha peke yake uani kwake. Siku ya ibada yako ya kumbukumbu, mbele ya kaburi tutaweka kiti cha mbele, na hakuna atakayekikalia kama si yeye. Akikataa kuja, kitakaa wazi, na watu watajua kwa nini.

Wanaokukumbuka ni kaka yako Elkanah, dada yako Rachael, wapwa na jirani zako wote wa Lugari, na rafiki yako Kipngeno. Jina la Jael hatukuliweka katika orodha hii. Si letu kuliweka kabla hajatupa ruhusa. Hatutakusahau, ndugu yetu, hata ingekuwa rahisi kwetu kusahau.

Maneno haya, isipokuwa sehemu hii ya mwisho, yametangulia Malinya kabla ya kusomwa popote. Jana Elkanah aliyanakili kwa mwandiko wake bora. Alimchomeka chura kwenye kizibo cha chupa ili ndoana isimdhuru atakayefungua. Macho ya chura yalikuwa yamefifia. Alitamani kuyapaka upya, akaona hiyo si kazi yake. Akaweka vyote ndani ya bahasha kubwa, akalamba gundi, akaipitishia kidole mara ya pili. Kipngeno alikuwa anasubiri langoni juu ya pikipiki yake, kwa kuwa ndiye pekee katika sisi ambaye Jael atamfungulia mlango.

"Umeandika yote, mzee?"

"Soma uone, kabla gundi haijakauka."

"Barua si yangu," alisema Kipngeno. Akaitia ndani ya jaketi, akafunga zipu mpaka shingoni, akaondoka.