Gogo la Khuloud

Kwamagogo, juu ya Maramba

Mjukuu wangu Khuloud, huko Maskati,

Mimi babu yako nina miaka themanini na mitatu. Nimeishi miaka mingi kuliko kiwanda cha mbao na misumeno yake yote, na kuliko bibi yako, Mungu amrehemu, aliyeapa kunizika.

Mji wetu sasa ni wa watalii. Wanapiga picha lile bomba la moshi la kiwanda lenye kutu, wanapanda mitumbwi ziwani, na kijana anayewatembeza anawaambia magogo yaliyozama ni ya Wajerumani. Nikamwambia, "Mwongo we! Yale ni ya watoto wetu." Kila mtoto aliyezaliwa hapa alizamishiwa gogo la mvule, lisiguswe na mchwa, mpaka siku ya kuchongwa kitanda chake cha harusi.

Lako ndilo la mwisho, na kubwa kuliko yote. Nililichagua mimi. Sasa nasikia unaolewa mwezi wa Rajabu na umenunua kitanda dukani. Kirudishe.

Baba yako anataka kunihamishia mtaa wa Mabawa, karibu na hospitali, kwa ajili ya hiki kifua. Sitoki! Nikiondoka, nani ataonyesha lilipo? Njoo nikuonyeshe ningali nasimama. Kitanda hakitalimaliza gogo lile. Mbao zitakazobaki zitafunika mwanandani wa kaburi langu.

Ukiona najisifu, muulize Mzee Abbas, tuliyefunga naye mawe ya kulizamisha. Ila naye anakohoa kama mimi, basi muulize upesi.

Babu yako,
Himyar