Fundi Rosina Hayumo Kitabuni

Lundo, Nyasa
16 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Mkumbi, na goti lako linaendeleaje na baridi hii? Mama naye nampa shikamoo yake. Huku sote wazima, ila Ignatio anaota meno na sikumbuki ni lini nimelala usingizi wa kueleweka. Ukiona mwandiko umepinda, ujue nimempakata.

Kaka Alphonce amefika salama. Amesema umemtuma achukue kile kitabu cha safari ya angani ulichonipa nilipoolewa, uwasomee watoto wake msimu huu wa kahawa. Nikatukumbuka sisi kwenye vichanja, tunachambua buni mbovu, wewe umekalia gunia, unasoma kimoyomoyo kwa Kiingereza chako cha seminari halafu unatusimulia kwa Kiswahili. Mikono yetu ilikuwa kwenye kahawa, masikio kwako. Hakuna aliyewahi kuchungulia ukurasa.

Katika hadithi hiyo nilimpenda fundi Rosina. Nahodha akiagiza kahawa, Rosina anamjibu kwamba birika lile pale na mikono anayo, yeye yuko chini ya injini. Mama alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, anakuuliza na wewe umejua lini sukari inakaa wapi.

Sasa mwezi wa pili nilianza kumsomea mjukuu wako Sekela, kwa msaada wa kamusi na Kiingereza changu cha kidato cha nne. Baba, Rosina hayumo. Kuna msichana tu, hata jina hakupewa. Anapeleka kahawa, anapiga kelele akiona zimwi, na injini ikiharibika anaambiwa aende chumbani wanaume wafanye kazi. Sekela akaniuliza kwa nini walimpandisha chomboni kama hana kazi. Nikafunga kitabu.

Siku kadhaa nilikaa na hasira nisijue ni ya nani. Nilipomsimulia Alphonce alicheka, akasema labda Kiingereza kilikushinda. Nimemkatalia. Mtu aliyeshindwa na Kiingereza hawezi kumshikisha msichana spana sura baada ya sura. Ulikuwa unatutazama mimi na Albina, mabinti zako, Baba, ndiyo maana.

Basi niungame. Najua hukuruhusu hata kukunja ncha ya ukurasa. Kitabu chako nimeandika ndani yake, tena kwa wino, pembeni kote, na mahali pengine nimekata kwa kalamu mistari ya kitabu. Kila alichofanya Rosina kimo, kama ulivyokisema wewe. Sekela siku hizi anasoma mwandiko wangu kwanza. Unisamehe kwa wino, lakini kitabu sikirudishi. Alphonce anapanda huko na dagaa wetu wa usipa tu. Hao wajukuu wengine wana babu yao, na wewe unacho chote kichwani.

Ila kuna sura moja nimeiacha tupu, ile ya chombo kuanguka, maana ulipoisoma nilikuwa kwa shangazi kule Mpepai. Nimemuuliza Albina, hakumbuki. Kahawa ikishaanikwa, shuka ukae nasi japo wiki, utuambie Rosina alifanya nini. Nimeshamwahidi Sekela kwamba unakuja, na yeye ameshaitangazia shule nzima.

Mkweo Clemence anakuamkia, anasema kitanda kipo. Majirani wa huko wote wapate salamu zangu, na Mungu awatunze wewe na Mama.

Ni mimi binti yako,
Careen