Mshono wa Ngabo kwenye bidoni ya maziwa

Mushaki, Masisi
Tarehe 9 Mei 2022

Mpendwa shemeji Constantin,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Mgongo wako unaendeleaje? Na joto la Kolwezi, limepungua kidogo? Sisi ni wazima. Asubuhi ukungu hufunika malisho yote, ng'ombe wanasikika tu bila kuonekana, nami hukaa mlangoni kidogo kabla ya kutoka, nikisikiliza.

Huu ni mwezi wa kumi tangu mdogo wako Ngabo atuache. Watoto siku hizi wanamtaja bila kulia. Mimi bado natoa sahani moja zaidi, kisha nairudisha.

Nina habari ya kazi. Papa Mumbere, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye atelye, karakana ya hapa Mushaki, alimofanya kazi Ngabo, ameleta mashine ya kulehemu kwa laser. Kwa sababu nilimshikia Ngabo vyuma miaka mingi, alinikubalia nijifunze siku nne na fundi aliyeileta kutoka Goma. Lakini aliniambia wazi kwamba kazi yangu ya kwanza ikivuja, ataita fundi kutoka kwao Butembo, na nafasi ya Ngabo haitakuwa yetu tena.

Shemeji, mashine hii haifanani na ile ya zamani. Hakuna vijiti vya kuyeyusha, wala ule mlio kama wa mafuta kwenye kikaango. Mwanga mwembamba kama uzi unapita, chuma kinayeyuka mahali padogo tu, na nyuma yake kinaganda hujamaliza hata kupumua. Gesi ya argon inapuliza papo hapo ili hewa isiharibu mshono. Ncha isipogusa chuma, mwanga hautoki. Wakati mwingine nikiwa nyuma yake naona kama nashona nguo nikiwa usingizini.

Ila haina huruma. Ngabo aliweza kuziba pengo kwa kijiti. Mashine hii haina cha kuzibia, kwa hiyo kingo mbili lazima zikutane kabisa, na chuma kiwe kisafi.

Siku ya kwanza nilivaa kinyago cha kulehemea cha Ngabo. Papa Mumbere akapiga kelele: "Mama Nishimwe, toa hiyo! Ile ya bwana yako ilikuwa ya moto ya kuonekana. Hii mwangaza haionekane, njo inakula macho!" Akanipa miwani ya mashine yenyewe. Kinyago nikakirudisha kwenye msumari wake. Ndani bado kina harufu ya nywele zake.

Kazi yenyewe ilikuwa bidoni ya Mama Mukankusi wa Karuba, mtungi wa inoksi, chuma kisichoshika kutu, ambao anapelekea maziwa sokoni. Ilikuwa imepasuka kando ya mshono alioutia Ngabo miaka saba iliyopita, mnene kama kiwavi. Namkumbuka akiupuliza kama mtu anayepoza uji. Baada ya mazishi uliniandikia kwamba chochote mkono wake ulichotengeneza kisibadilishwe, nami nilikuitikia. Basi nikapitisha mwanga kando tu ya mshono wake, bila kuugusa.

Tulipomimina maji, yalitoka kwa matundu madogo madogo, mengi kama ya mkate. Papa Mumbere akainama kutazama. "Mama, hii si bidoni tena, iko chujio. Mutachuja nayo chai!" Kisha akaacha kucheka. Akanipa mara moja zaidi, basi.

Nilipitisha kidole juu ya chuma, kikateleza. Siagi! Mama Mukankusi aliipaka bidoni yote kabla ya kuileta, kama tunavyofanya sote chombo cha maziwa kinapotoka nyumbani. Nilipomuuliza akashangaa: "Chombo ya maziwa itoke kwangu kavu kavu? Mimi niko muntu ya namna gani?" Mimi mwenyewe ningeipaka. Lakini mwanga unapochoma mafuta, moshi wake unabaki ndani ya chuma na kuacha matundu.

Nikaosha, nikafuta kwa alkoli mara tatu. Kitambaa kiliendelea kutoka cha manjano pale pale kando ya mshono wa Ngabo. Siagi ya miaka saba ilikuwa imelala chini yake, na hakuna kitambaa kinachofika huko.

Nilikaa na bidoni magotini mpaka mvua ikaja na kuondoka. Kisha nikaomba mashine ya kusagia chuma, nikausaga mshono wote. Haukuchukua muda. Nikafuta, nikakata kipande kipya cha inoksi cha kuziba pale, nikakikaza mpaka ukucha usiweze kupita, nikapitisha mwanga, polepole, bila kusimama.

Maji yalikaa ndani tangu asubuhi hadi jioni. Papa Mumbere akapitisha kiganja chini, akakitazama, kikavu. Akasema tu: "Kesho saa mbili. Na usichelewe kama bwana yako."

Nilicheka, shemeji, halafu nikalia, na yeye akajifanya anatafuta funguo.

Msalimie dada Kétsia na Gisubizo mdogo. Mama Mukankusi naye anawasalimu. Mungu alinde mikono yenu huko machimboni na awape usingizi mwema.

Neno nililokuitikia nimelivunja, na sikutaka ulisikie kwa mwingine. Kama lazima ukasirike, kasirika, lakini uniandikie. Ukija, nitafute pale kwenye atelye, kwenye kiti cha Ngabo.

Shemeji yako anayekukumbuka kwa upendo,
Nishimwe