Kituo cha Shairi la Baba

Mpanda, Jumapili

Kwako Dada Skola,

Salamu za mdogo wako. Mama anapata usingizi sasa? Na kifua cha Bibi kimetulia? Mimi mwili mzima, lakini moyoni si vizuri. Nakuomba umsomee Mama barua hii mkiwa wawili tu, kabla ya arobaini ya Baba.

Lile shairi nililowaletea, ambalo Baba Mdogo atalisoma siku hiyo, juzi mwalimu wetu wa Kiswahili aliliandika ubaoni. Ni mtu wa Tanga, mkali sana kwa mizani. Wenzangu wakahesabu kwa vidole: kila mshororo nane na nane. Vina vya kati “ni”, vya mwisho “ma”, beti zote. Mimi nilitazama dawati. Tukafika kwenye kituo, kile kinachorudiwa kila ubeti:

Nililia mlangoni, ruhusa wakaninyima.

Alfonsi, anayekaa nyuma yangu, akasema nimewapita wote. Mwalimu akapiga mstari chini ya kila silabi, kisha akanigeukia.

“Mizani imetimia. Vina vimetimia. Lakini siku ile ya msiba mimi ndiye niliyekaa ofisini. Nani alikunyima?”

Akafuta ubao, akatuambia tufungue vitabu.

Dada, hakuna aliyeninyima. Lori la mgodi lilikuwa linakuja huko, na dereva alikubali kunibeba. Nilisimama nje ya ofisi nikilia, nikipanga maneno ya kuombea ruhusa, nikaona haya kuingia na machozi. Dereva aliningoja, akachoka, akaondoka. Baba akazikwa bila mimi. Nikawaandikia kwamba nilikatazwa, na sasa nasikia Mama anawalaani walimu, na Baba Mdogo anataka kunitoa shule. Nilijiambia kwamba katika shairi ni vina tu vilivyonilazimisha.

Nisalimie Bibi, na Shangazi anayelala na Mama siku hizi. Baba Mdogo naye mpe salamu zangu na umweleze yote. Akiona bado inafaa nirudi nyumbani, nitarudi.

Kituo kisomwe hivi:

Nililia mlangoni, sikubisha hodi, Mama.

Nimekihesabu mara tatu. Kinatimia kumi na sita, na vina ni vilevile. Ningeweza kukiandika hivi tangu mwanzo.

Ni mimi mdogo wako,
Leonsi